Fomu ya Kampala

Mtu akiniuliza ilikuwaje nikawa mshauri wa binti wa watu katika mambo ya vyuo vikuu, namjibu ukweli: niliruhusiwa kupanda gari la moshi. Elimu ya kumshauri mtu sikuwa nayo. Nilimaliza darasa la nane kwetu magharibi, nikaja Thika kutafuta kazi, nikapata ukarani wa stoo katika kiwanda cha kupakia mananasi mikebeni. Lakini wakati ule wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka waasi wa Kikuyu msituni, Mkikuyu hakuweza kutoka Ruiru kwenda Nairobi bila pasi yenye muhuri, na pasi ilitolewa na watu wale wale waliompiga. Mimi wa magharibi nilitembea. Kwenye vizuizi vya barabarani askari akisikia tu ninavyotamka maneno alinipungia mkono nipite.

Nikiri pia kwamba subira sina, sijawahi kuwa nayo. Katika nyumba za wafanyakazi nilimvunja mtu pua kwa sababu ya zamu ya bomba la maji, na wiki hiyo hiyo tukala ugali sahani moja. Siku hizo kila mtu alikuwa akimpiga mwenzake. Msimamizi Mzungu alimpiga nyapara teke, nyapara akatuzaba makofi sisi, na sisi tukaenda kumalizia hasira nyumbani. Asubuhi ukienda kazini ungekuta maiti mbili tatu zimelazwa kando ya barabara, watu wa msituni waliouawa usiku, wamewekwa pale ili tuone. Nzi walikuwa wameshafika kabla yetu. Tulipita tukaenda zetu kazini, na naona haya kusema kwamba saa ya chakula nilikula na nikashiba.

Babake huyo binti alikuwa fundi wa mashine ya kufunga mikebe. Ndiye aliyenishika mkono nilipofika kiwandani, mgeni nisiyejua hata swichi ya taa inabonyezwa wapi. Aliniita ndugu yake, kwa hiyo binti yake akaniita baba mdogo. Siku walipokuja kumchukua tulipangwa mistari mbele ya lango, Wakikuyu upande huu, sisi wengine upande ule. Mtu aliyevikwa gunia toka kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho, alipitishwa mbele yao. Akitikisa kichwa, umekwisha. Kwa fundi alitikisa. Askari akamtia kitako cha bunduki mdomoni, meno yakatoka, na alipokuwa akisukumwa kwenye lori alipita karibu yangu, akatema damu kwanza, ndipo akasema, "Msichana amalize."

"Atamaliza," nikamwambia. Ndiyo ahadi yote niliyotoa.

Mkewe na binti walikuwa wameshahamishwa. Boma lao upande wa Mugutha lilichomwa pamoja na maboma yote ya mteremko ule, wakaletwa Gitothua katika kijiji cha lazima. Vibanda vilibanana, na kijiji kizima kilizungukwa na handaki lililochomekwa miti yenye ncha. Palikuwa na lango moja tu, na hapo walisimama homugadi, yaani askari waliochaguliwa na chifu miongoni mwa majirani hao hao. Wanawake walichimba handaki lile kila siku hadi adhuhuri, na aliyechelewa alichapwa mbele ya wenzake. Binti alikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya bweni ya misheni. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mkimya, na mkaidi kama mimi. Walimu walitaka awe nesi. Mimi nilitaka awe mwalimu apate mshahara upesi. Yeye alitaka kusoma historia.

"Historia itakupikia nini?" nilimwuliza.

"Baba mdogo, hata wewe unataka kujua ni nani alikuwa ndani ya ile gunia."

Hapo alinipata. Nilitaka kujua, na nilitaka kumkata mtu yule wa gunia kwa panga.

Nchini mwetu hapakuwa na mahali pa kusomea shahada ya historia. Basi nikaenda Nairobi Jumamosi tatu. Ya kwanza nilileta fomu ya chuo cha Kampala. Ya pili nilileta karatasi za serikali ya India, ambayo ilikuwa ikitoa nafasi chache za bure kwa Waafrika. Ya tatu nilikaa katika maktaba ya Wamarekani nikanakili anwani za vyuo vyao kwa penseli hadi vidole vikafa ganzi. Karatasi zote nilizihifadhi mimi chumbani kwangu, ndani ya godoro, kwa sababu vibanda vya Gitothua vilipekuliwa wakati wowote. Mwanamke mmoja alivunjwa mkono kwa ajili ya barua ya kanisa ambayo hakuna homugadi aliyeweza kuisoma.

Katikati ya likizo nilizibeba ndani ya koti Jumapili moja alasiri, tukazitandaza kitandani kwa mama yake. Mama mwenyewe alikaa mlangoni akipukuchua maharagwe, jicho kwenye njia. Nilidhani tungezungumza masomo, kama watu wengine wanavyochagua vyuo. Binti alishika karatasi moja moja akauliza jambo lile lile.

"Hii, nani atatia sahihi?"

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tukichagua. India ilitaka pasipoti, pasipoti ilitaka cheti cha utii, na cheti kilitoka kwa kamati iliyokaliwa na chifu. Marekani ilitaka vivyo hivyo, pamoja na nauli ya meli ambayo ukoo mzima usingeiweza. Kampala ilikuwa rahisi kuliko zote, haikuhitaji pasipoti wala meli. Fomu yake ilikuwa na mstari mmoja tu wa mdhamini, umeandikwa kwa Kiingereza: Chifu au Mwalimu Mkuu. Macho yangu yaliona chifu, yakaishia hapo.

"Lakini India wanasoma vile waliwatoa Wazungu," binti akasema. "Kampala ni wafalme wa Uingereza toka mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu ameniambia."

"Basi soma wafalme! Ukishapata digrii utasoma unachotaka."

"Nitaanza na Kampala," alisema mwishowe. "Fomu nitapeleka kwa mwalimu mkuu shule ikifunguliwa. Chifu asione. Kuna ule ukurasa."

Ule ukurasa ndio uliouliza kwa nini mwombaji anataka kusoma somo lake. Nilikuwa nimempa huo peke yake likizo ilipoanza, naye alikuwa ameujaza pande zote mbili, kwa Kiingereza safi. Niliusoma nikiwa nimekaa kitandani pale pale. Mama yake, asiyejua kusoma, alikuwa amemwomba ausome kwa Kikuyu mara nyingi likizo ile hadi akaushika wote kichwani. Ulikuwa umeandikwa mambo ya Mugutha. Nani alikuja, nani alishika tochi ya moto, nani alikufa.

Nilimwambia wiki mbili za kungoja ni nyingi, shule ikifunguliwa fomu itachelewa, chifu yuko hatua mia tano kutoka hapa na muhuri anao. Alisema hapana. Nikasema kwetu mtu huchukua kuku akampelekea chifu, wakanywa chai, karatasi ikagongwa muhuri, hakuna anayesoma kilichomo. Alisema, "Baba mdogo, hapa si kwenu." Jumamosi tatu! Nilikuwa nimepoteza Jumamosi tatu, na mtoto ananiambia hapa si kwetu. Nilimzaba kofi hata kichwa chake kikagonga nguzo.

Mama yake hakupiga kelele. Aliweka sinia la maharagwe chini taratibu, akaingia na panga la kuni mkononi, akasimama kati yetu.

"Karani," alisema, "watu wa kutupiga wametosha. Ukirudia, huo mkono utauacha hapa."

Nilikusanya karatasi zangu pamoja na ule ukurasa nikatoka. Jumatatu sikula. Niliona kwamba kitu kimoja tu kingenirudisha katika nyumba ile nikiwa na uso: fomu iliyogongwa muhuri, tayari kwenda posta. Jumanne nilikuwa na zamu ya alasiri. Nikanunua jogoo mwekundu sokoni, nikamfunga miguu, nikapanda basi hadi Gitothua nikaingia kambi ya chifu asubuhi, nimechana nywele, kama mtu aendaye kuposa.

Chifu hakuwepo. Karani wake alimpokea jogoo, akapokea bahasha yenye fomu na ule ukurasa, akaniuliza maswali mawili matatu, akaniambia nikae kwenye benchi. Nilimwona akisoma. Nilimwona akirudia upande wa kwanza. Kisha akaenda chumba cha ndani akamwita mkuu wa homugadi, mtu mnene mwenye koti la jeshi, na nikasikia karani akimtafsiria polepole, na yule mwingine akisema, "Rudia hapo. Rudia."

Walipotoka, filimbi ilipulizwa. Wanawake waliokuwa handakini waliambiwa watupe majembe wapande juu. Walikuwa kama mia hivi, matope hadi magotini. Mama alivutwa kutoka katikati yao kwa kitambaa cha kichwa, kitambaa kikatoka, akavutwa kwa nywele. Homugadi wawili walikwenda kibandani wakarudi na binti. Walimlaza mama kifudifudi juu ya udongo uliotoka kuchimbwa. Mmoja akakalia miguu yake, mwingine akakanyaga shingo. Mkuu wao alimpa binti ukurasa ule mkononi.

"Wewe ni mtu wa historia," akamwambia. "Soma hiyo kitu yako kwa Kikuyu, watu wote wasikie. Kila sentensi kiboko moja. Ukinyamaza, tunapiga tu bila kuhesabu."

Nilikuwa nimetoka nje, nimesimama kwenye lango la kambi, kofia mkononi. Watu walisema baadaye kwamba ndiyo njia yao, kumpiga mzazi mbele ya mtoto. Binti alisoma.

Alisoma kwamba nyumba yao ilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja. Kiboko kilishuka. Kilikuwa cha ngozi ya kifaru, na sauti yake ikifika kwenye nyama haifanani na sauti nyingine yoyote. Alisoma kwamba walikuja wanaume kumi na wanne na wanane kati yao aliwajua kwa sura. Kiboko. Gauni lilipasuka mgongoni. Alisoma kwamba mbuzi walitolewa kwanza, ndipo watu. Kiboko. Mkuu wa homugadi aliposikia habari za mbuzi alicheka, kwa kuwa ndiye aliyewachukua. Mama hakulia. Alikuwa akitoa pumzi tu, hah, kila mara, kama mtu anayepasua kuni.

Binti akatupa jicho mbele kwenye ukurasa. Niliona. Akaanza kusoma mambo ya kaburi la nyanya yake lililopandwa kahawa.

Mama akainua uso kutoka kwenye udongo kadiri kiatu kile kilivyomruhusu. Wakati huo Kikuyu nilikuwa nakielewa vizuri. "Umemruka babu yako," alisema. "Rudi."

"Maitũ," binti akasema. Mama yangu.

"Rudi."

Akarudi. Akasoma kwamba babu yake alikataa kutoka, kwamba aliambiwa mara tatu, kwamba waliegemeza gogo mlangoni, na kwamba aliita majina ya wajukuu wake mmoja mmoja mpaka akanyamaza. Kila tukio lilikuwa sentensi yake, na kila sentensi ililipwa. Kati ya wale wanawake mia nilisikia wengine wakianza kulia, na homugadi mmoja kijana aligeuka akatazama pembeni. Sentensi ya mwisho ya ukurasa ule naikumbuka yote. Alisema anataka kusoma historia ili ajue mtu anathibitisha vipi jambo ambalo mashahidi wake wameuawa na nyumba yake imechomwa.

"Nani amekufundisha haya maneno?" mkuu akauliza.

"Ni yangu."

Alimpiga ngumi ya tumbo, akamwangusha juu ya mama yake. Fomu ikachanwa, ukurasa ukachomwa kwa kiberiti cha sigara, wanawake wakarudishwa handakini. Jogoo wangu alikuwa bado amefungwa chini ya meza ya karani, anapiga mabawa.

Mama hakufa. Mbavu mbili zilivunjika na sikio moja likaziba moja kwa moja. Karibu wiki mbili alilala kifudifudi, na binti alikuwa akimtoa nyuzi za gauni zilizoshikamana na vidonda kwa maji ya chumvi. Shule ilipofunguliwa alienda kwa mwalimu mkuu, mwanamke wa Kizungu, na akamweleza kwa nini fomu haipo. Mwalimu mkuu huyo aliandika barua Kampala, fomu nyingine ikaja kwa posta, akatia sahihi pale penye maneno Mwalimu Mkuu. Ilichukua siku tisa. Siku tisa tu, na wala haikupita Gitothua. Nilipoambiwa nilitoka nje ya stoo nikaupiga ukuta ngumi mpaka vifundo vikachubuka, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

Lakini mwalimu mkuu alisema ukurasa wa namna ile hauwezi kutumwa, barua zinafunguliwa njiani. Binti hakubishana. Alikaa akaandika kuhusu barabara za Warumi, na kwa nini zilidumu. Alituma Kampala peke yake. India na Marekani niliziteketeza mimi mwenyewe jikoni, kwa kuwa sikutaka tena karatasi yoyote yenye jina lake iwe mikononi mwangu.

Kampala walimkubali.

Asubuhi ya safari nilimpeleka stesheni ya Ruiru. Pasi alikuwa nayo, mwalimu mkuu alikuwa amemwombea. Mama yake hakuruhusiwa kuvuka lango, walikuwa wameagana humo ndani. Gari lilichelewa, tukakaa juu ya sanduku lake la mbao. Tangu siku ile ya handaki alikuwa amenisalimu kwa heshima kila mara, habari yako baba mdogo, na hakuniuliza chochote. Nilishaanza kuamini kwamba imepita.

Alitoa daftari jipya na kalamu.

"Nataka kuandika vile ilikuwa," alisema. "Yote, mpaka handaki. Wewe peke yako ndiye ulikuwa ndani ya ofisi."

"Sasa? Gari linakuja."

"Ndiyo, sasa. Nikifika huko utakuwa umesahau, ama utakuwa umejipangia."

Nilimweleza nilivyoingia, saa ngapi, karani alikaa wapi. Aliandika kila kitu. Akauliza, "Kwenye fomu kulikuwa na jina yangu. Jina ya mama haikuwa mahali popote. Kwa nini walimlaza yeye?"

Nikasema ndiyo desturi yao, wanampiga mzazi.

"Sijauliza desturi. Nimeuliza karani alikuuliza nini."

Damu ilinipanda kichwani. Mkono wangu uliinuka wenyewe, nikauona, nikauweka chini ya paja nikaukalia. Alingoja. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Kama angenitukana ningemtukana na mambo yangeisha.

"Aliniuliza kama najua kilichoandikwa ndani," nikasema.

"Ukajibu?"

"Nikasema sijui."

"Na ulikuwa umesoma."

"Nilikuwa nimesoma."

Kalamu ilikwenda. "Halafu akauliza nini?"

"Akauliza nani amenituma."

Aliacha kuandika. Wachuuzi wa ndizi walikuwa wakisogea ukingoni mwa reli, ishara kwamba gari liko karibu. Ningeweza kusema lolote. Karani yule alikuwa ameshahamishwa, na hakuna mwingine aliyesikia.

"Nikasema ni mama yake," nikamwambia. "Niliona bunduki ukutani nyuma yake, nikasema mimi nimetumwa tu, ni mama yake msichana."

Sikuweza kumtazama. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi, taratibu, bila kuruka neno, mstari, na mstari mwingine. Nilitaka anipige. Ningeshukuru sana angenipiga. Alipomaliza alinisomea nilichosema, maneno yangu yenyewe, akaniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo. Alifungua ukurasa mpya.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu wakampiga," nikasema. "Hayo uliyaona."

"Wewe. Halafu wewe ulifanya nini?"

"Halafu nilirudi kazini," nikamwambia. "Zamu yangu ilianza saa nane."